Kujifunza kilimo rejeshi shambani kwenyewe, Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kilimo rejeshi ni nini? Si ndicho kilimo hai?

Si kilekile, ingawa ni ndugu. Kilimo hai kinakukataza mbolea na dawa za viwandani. Kilimo hifadhi kinakutaka uache kufukuafukua udongo, uufunike, ubadilishe mazao. Kilimo rejeshi kinauliza kama udongo wa shamba hili mwakani utakuwa mzuri kuliko wa mwaka huu. Anayetia kisoda kimoja cha mbolea ya kukuzia kwenye shina la mahindi bado yumo, ilimradi shamba lake linafunikwa, linalishwa samadi na halisombwi na maji.

Huku kaskazini jambo kubwa ni maji. Mwaka 2022 ng'ombe walikufa kwa ukame Longido na Simanjiro. Vuli ya 2023 ikaja na El Niño, na hadi masika ya 2024 mvua zilikuwa zinachimba barabara na kushusha udongo wa watu korongoni. Shamba ni lilelile moja, linatakiwa kuhimili kiangazi kile na gharika ile. Kwa hiyo karibu kila kazi utakayofundishwa inalenga kitu kimoja: udongo unaokunywa maji haraka na kuyatoa polepole.

Wazee wa Kichaga walikuwa na kihamba, shamba la nyumbani mlimani. Tunafundishwa kipi kipya?

Kipya si kingi. Miti mirefu juu (mfuruanje, na siku hizi mgrivea), chini yake migomba, kisha kahawa, kisha magimbi na maharage, ng'ombe bandani, mfongo (mfereji wa maji wa asili) unapita pembeni. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Tatizo liko kwenye uhusiano wa kihamba na shamba la tambarare. Baada ya mavuno mabua ya mahindi hufungwa mizigo, hupandishwa mlimani kulisha ng'ombe. Mabua yanapanda, samadi haishuki, kwa sababu hakuna anayekodi gari kubebea mavi ya ng'ombe kilomita 15. Fanya hivyo miaka 30 na utaelewa kwa nini kihamba bado cheusi na shamba la chini limekuwa jekundu, gumu, linalotaka mbolea kila msimu. Ukienda kujifunza kwenye shamba lolote la Moshi, uliza kwanza: samadi inakwenda wapi?

Niende miezi gani?

Wengi huja Juni au Julai kwa sababu barabara ni kavu. Ndio wakati mbaya kuliko yote kwa kujifunza maji, maana hakuna maji ya kuangalia.

Kama una nafasi ya safari moja tu, njoo Aprili, masika yakiwa yamekolea, ukubali kulowa. Simama shambani mvua inaponyesha, tazama maji yanakoanzia kukimbia, yanakokusanyika na rangi yake. Maji ya rangi ya chai ya maziwa ni udongo wa mtu unaondoka.

Tunachoshauri hasa ni safari tatu fupi za siku tatu au nne, kuliko wiki mbili mfululizo. Ya kwanza iwe Februari, wakati wa kuchimba makinga maji (mitaro yenye matuta ya kuzuia maji mteremkoni), kusafisha mifongo na kurundika mboji. Ya pili Aprili. Ya tatu Agosti au Septemba, jua likiwa limekaa, uone ni sehemu ipi ya shamba bado ina unyevu ukichimba sentimita 20. Anayetaka kuona kahawa ikichumwa atahesabu kuanzia Julai hivi hadi mwisho wa mwaka, kutegemea mwinuko.

Nitajuaje kama shamba lina la kufundisha, au ni maua na mabango tu?

Omba kuona daftari. Shamba lenye kumbukumbu za mvua, tarehe za kupanda na magunia yaliyovunwa kila kipande lina la kukuambia. Omba pia kuonyeshwa kipande kilichoshindikana. Wasipokuwa nacho, wameficha.

Halafu fanya jaribio la bonge, ni la dakika kumi. Chukua bonge la udongo mkavu lenye ukubwa wa yai kutoka kipande kinacholimwa kila msimu, na jingine chini ya mti au kwenye kipande kilichofunikwa miaka kadhaa. Weka kila moja kwenye kipande cha wavu juu ya glasi ya maji masafi, lizame bila kuguswa. Bonge la udongo uliochoka linatoa mapovu, linaporomoka kama biskuti kwenye chai, na glasi inakuwa matope. Bonge la udongo wenye uhai linakaa zima, maji yanabaki angavu, hata saa nzima. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tone la mvua litaingia ardhini au litaziba uso wa udongo na kukimbia. Kama glasi mbili za shamba hilo zinafanana na glasi ya udongo wa jirani anayelima kwa trekta kila mwaka, sikiliza maelezo yao kwa adabu, kisha tafuta shamba jingine.

Kinga maji linachimbwaje? Nimesikia fanya juu na fanya chini, nachanganyikiwa.

Fanya juu: udongo unaochimbwa unarushwa upande wa juu wa mteremko, tuta linakaa juu ya mtaro. Fanya chini: unarushwa chini. Fanya juu ni kazi ngumu zaidi, ila baada ya misimu kadhaa udongo unaotiririka unajikusanya nyuma ya tuta na shamba linaanza kujitengenezea ngazi lenyewe.

Mtaro wa kawaida ni upana sentimita 60, kina sentimita 60. Acha sentimita 15 hadi 30 kati ya ukingo wa mtaro na tuta, la sivyo udongo unarudi ulikotoka mvua ya kwanza. Umbali kati ya kinga na kinga unategemea mteremko: ukishuka mita 1 kwa kila mita 10, acha mita 13 hivi, ukishuka mita 2 kwa kila mita 10, acha kama mita 10. Hesabu yake si ya kubahatisha. Mvua ya milimita 40 ikinyesha kwenye ukanda wa mita 13 na nusu ikakimbia, kila mita moja ya mtaro itapokea lita 260. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 unabeba lita 360. Ukichimba wa sentimita 40 kwa 40 ili kuokoa mgongo, unabeba 160, na tuta linakatika usiku.

Mstari unapimwa kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 hivi iliyofungwa juu, upau katikati, uzi wenye jiwe unaning'inia kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa upau. Igeuze, mguu wa kushoto ukae ulipokuwa wa kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Usiruke hatua hii. Fremu isiyopimwa ndiyo sababu ya kwanza ya makinga kupasuka: mstari unakuwa na bonde moja usiloliona kwa macho, maji yote yanakwenda hapo.

Sababu ya pili ni kuanzia chini kwa kuwa ndiko udongo laini. Anza juu kabisa ya shamba. Kinga la juu likikatika, linabomoa yote yaliyo chini yake kwa mpigo. Ya tatu ni kuacha tuta uchi. Panda nyasi za mabingobingo, guatemala au vetiva wiki ileile, mistari miwili kwa kupishana.

Onyo kwa wa Marangu, Kibosho, Machame na mteremko wa juu wa Meru. Kwenye mvua nyingi na mteremko mkali, mtaro ulio sawa kabisa unashikilia maji mengi mno na unaweza kuporomosha ardhi. Huko upe mwinamo mdogo, sentimita moja kwa kila hatua ya fremu ya mita 2, na uuelekeze kwenye njia ya maji yenye nyasi. Mtaro usio na mwinamo ni wa tambarare kavu.

Shamba langu ni tambarare, Kahe au upande wa Monduli. Makinga yananihusu?

Kidogo. Kwako mashimo yana faida zaidi. Mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Dodoma, yana upana wa sentimita 22 na kina cha 30, sentimita 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mistari. Udongo unaochimbwa unakaa upande wa chini wa shimo. Tia samadi iliyooza viganja viwili, funika kwa udongo wa juu, usijaze hadi mdomo. Kile kibonde kinachobaki ndicho kinachonywesha mmea. Eka moja ni mashimo kama 7,500. Usianze na eka. Anza na robo, na uchimbe Januari na Februari.

Kama ardhi imekuwa na tabaka gumu sentimita 15 hadi 20 chini (utaijua kwa mizizi ya mahindi inayopinda kwenda pembeni kama mguu wa kuku), kodi rippa (jembe la kuchana tabaka gumu) ya ng'ombe au trekta mara moja, udongo ukiwa mkavu. Ukirippa mbichi unapaka matope tu.

Mboji yangu inakauka bila kuoza. Nakosea wapi?

Karibu kila mara ni maji au ukubwa. Rundo chini ya mita moja kila upande halishiki joto. Fanya mita 1.5 kwa 1.5, urefu mita 1.2. Chini kabisa vijiti na mabua manene ili hewa ipite, kisha kwa zamu: vikavu sentimita 20 (mabua yaliyokatwakatwa, majani makavu ya migomba), vibichi 10, samadi 5, udongo wa juu na majivu kidogo. Kila tabaka linamwagiwa maji kabla ya lingine. Kamua konzi moja mkononi: likitoa tone moja au mawili, sawa. Lisipotoa kitu ni kavu, likichuruzika umezidisha.

Chomeka fimbo ndefu katikati na uiache humo. Baada ya siku tano ichomoe, ishike. Ya moto na yenye unyevu, endelea. Ya moto lakini kavu, na ndani kuna ukungu mweupe kama majivu, tia maji. Ya baridi, ongeza vibichi au samadi. Ikinuka yai viza, imekosa hewa, pindua leo. Kawaida unapindua baada ya wiki tatu, na tena baada ya tatu nyingine. Ndani ya miezi mitatu iko tayari. Julai ya Arusha inaongeza wiki kadhaa, baridi ile si ya mchezo.

Rundo hilo linasinyaa hadi karibu nusu, madebe 65 hivi. Mahindi ya sentimita 75 kwa 60 ni mashimo 9,000 kwa eka. Viganja viwili vilivyojaa, kama nusu lita, kwa kila shimo ni madebe 225. Kwa hiyo rundo moja ni la robo eka. Wengi wanaosema mboji haifanyi kazi walitandaza rundo moja kwenye eka mbili.

Matandazo nitayapata wapi na ng'ombe anakula kila kitu?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na mkufunzi anayelipuuza hajawahi kukata majani. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anataka kilo 40 hivi za majani mabichi kwa siku. Hakuna mkulima atakayetandaza chakula hicho chini akimwangalia ng'ombe analia.

Njia inayofanya kazi ni kugawana. Kata mahindi kwa urefu wa goti. Sehemu ya chini ngumu ng'ombe haipendi sana, ibaki shambani. Masazo ya horini yaende kwenye mboji na migomba, yasichomwe. Panda malisho kwenye makinga maji na mipakani ili shamba lenyewe lipumue. Panda ngwara, jamii ya maharage, kati ya mistari ya mahindi wiki tatu au nne baada ya mahindi kuota. Ukiitanguliza itayapanda na kuyaangusha. Inabaki ya kijani mahindi yakishakauka, inafunika udongo, unakula majani na mbegu zake, na sehemu inayobaki anapewa ng'ombe. Mbaazi nazo zinafaa sana, ila mkumbuke mwaka 2017, India ilipozuia kuingiza mbaazi na bei ikaanguka. Msitegemee zao moja la kuuza.

Kwenye migomba matandazo yawe sentimita 10, yaanze mbali kidogo na shina. Ukiyasogeza hadi shinani unamtengenezea fukusi, mdudu anayetoboa mgomba, kitanda. Tambarare mchwa watayala, na wakati mwingi hiyo ni sawa, wanatoboa udongo. Wanageuka adui ukavu ukizidi na matandazo yakiisha, wakahamia kwenye shina bichi.

Samadi mbichi naweza kuipeleka moja kwa moja?

Hapana. Inaunguza miche na inaleta mbegu za magugu. Irundike kivulini na ifunikwe kwa majani ya migomba au turubai. Samadi iliyoachwa juani na mvuani inapoteza nguvu yake. Unabeba uzito tu.

Viwavijeshi vamizi, bungua (viwavi wanaotoboa bua) na kiduha (gugu linalonyonya mahindi): kuna njia bila kunyunyiza kila wiki?

Viwavijeshi vamizi vipo nchini tangu 2017 na havitaondoka. Kagua mara mbili kwa wiki mahindi yakiwa madogo: mimea 20 sehemu tano tofauti, ukifunua moyo wa mmea. Ukiona vinyesi kama unga wa mbao uliolowa, kiwavi yumo. Kwenye eneo dogo, konzi ndogo ya mchanga au majivu moyoni inapunguza wengi wakiwa bado wadogo. Wakishakuwa wanene, hata dawa ya dukani inawakosa kwa sababu wamejificha chini ya kinyesi chao.

Mmea wa utupa unasaidia. Kilo moja ya majani mabichi iliyotwangwa, lita 10 za maji, ilale usiku, ichujwe, kipande cha sabuni kama gramu 10, inyunyizwe jioni. Utupa unaua samaki. Usioshe ndoo mfongoni.

Kwa bungua na kiduha kuna sukuma-vuta, iliyobuniwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya: desmodiamu (mmea wa jamii ya mikunde) kati ya mistari ya mahindi inafukuza nondo wa bungua na kukandamiza kiduha, nyasi za mabingobingo au brakiaria pembezoni zinawavuta. Inakubali, lakini msimu wa kwanza desmodiamu ni dhaifu na inataka palizi mbili za mkono. Wanaokata tamaa hukata tamaa hapo.

Nahitaji vifaa gani vya kupimia?

Kipima mvua na daftari. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, zaidi ya lita 4,000 kwa eka. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha, likikaa wazi mbali na miti na kusomwa saa tatu asubuhi kila siku.

Cha pili ni kipande cha bomba la upana wa sentimita 15. Lipigilie kidogo ardhini, mimina mililita 440 (sawa na mvua ya milimita 25), hesabu dakika. Rudia mimino la pili. Hilo ndilo la kuandika, la kwanza linadanganywa na ukavu. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe pamoja na daftari lako: "juu ya wastani" ni jumla ya msimu, haisemi kama mvua itakatika wiki tatu mahindi yakitoa mbelewele. Kwa hiyo panda kwa awamu mbili, siku kumi kati yake.

Niongoze maji ya mto au mfongo hadi kwenye kitalu changu?

Mfongo una wenyewe na zamu zake. Zungumza na kamati yake kabla ya kugusa jiwe. Kuchukua maji ya mto kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi iko Moshi. Na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kudhuru mazingira ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, hata kama babu alikuwa akilima hapo.

Kuhusu cheti na pesa za kaboni (malipo ya kutunza hewa ukaa ardhini na mitini)?

Cheti cha Kilimohai, alama ya Afrika Mashariki tangu 2007, kina maana kama una mnunuzi anayekiuliza. Kaboni ina kanuni zake za mwaka 2022. Usitie sahihi mkataba wa miaka 20 au 30 ambao mtoto wako atakayerithi hajausoma.

Nije na nini, na kuna adabu gani?

Gambuti, kofia, koti la mvua, sweta ya jioni, daftari lisiloogopa maji. Salimia kabla ya kuuliza. Kwa mzee ni shikamoo, na usiingie kihambani bila kubisha hodi. Usikate wala kung'oa sale, mmea wa heshima wa Wachaga. Ni mpaka, na ni alama ya kuomba msamaha. Ukiling'oa kwa kupisha picha umeanzisha kesi.

Maji ya kunywa uliza. Baadhi ya chemchemi na visima vya mteremko wa Meru vina floridi nyingi, ndiyo inayotia meno kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi ni salama zaidi upande huo, yakishachemshwa.

Naweza kuondoka na mbegu na machipukizi?

Mbegu za ngwara na mbaazi, vipande vya mabingobingo vyenye macho matatu, ndiyo. Mawili yanazikwa, moja linabaki juu. Machipukizi ya mgomba ni jambo jingine. Usichukue kutoka shamba lenye mgomba hata mmoja uliokauka majani ya chini bila sababu, au ambao ukipasua shina unaona mistari ya kahawia. Mnyauko unasafiri na udongo wa mizizi na hauna dawa. Kwenye shamba safi, menya kitako cha chipukizi hadi nyama nyeupe, tupa maganda palepale, kisha kitumbukize kwenye maji yanayochemka sekunde 30 tu, kwa kuhesabu. Hiyo inaua minyoo ya mizizi na mayai ya fukusi. Ukifika, panda siku hiyohiyo au kesho yake, na uoshe jembe ulilochimbia kabla halijaingia shambani kwako.